Shahidi Aliye Angani: Picha za Setilaiti na Mikandaa Yetu

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, katika darasa za mwezi wa Ramadhan. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Ndugu zangu na dada zangu, saumu ya leo imekuwa na jua kali, na najua macho ya wengi yako kwenye saa. Sitawachelewesha. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya kusoma picha za setilaiti, na hasa vipi picha hizo zinatuonyesha ardhi inavyobadilishwa, na vinamasi na mikandaa vinavyotoweka. Kijana mmoja hapo mlangoni ameniuliza, "Setilaiti ni mambo ya Wamarekani, sisi zinatuhusu nini?" Swali zuri. Nitamjibu kwa kisa kilichonifika mimi mwenyewe. Ndani yake mna aibu yangu kidogo, lakini ndiyo iliyonisomesha. Kabla ya kisa, tuelewane kwanza juu ya chombo chenyewe.

Tusijione wageni wa mambo haya. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo kazi yake ilikuwa kutazama nyota, si ardhi. Lakini zaidi ya nusu karne baadaye, Aprili 2023, Kenya nayo ikapeleka angani Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kazi ya kutazama ardhi. Safari hiyo ilirushwa kutoka Marekani. Kwa hivyo jambo hili limepita mlangoni kwetu siku nyingi, ila sisi hatukutoka nje kulitazama.

Setilaiti inaona nini?

Mwaka 1972 Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza katika zile zinazoitwa Landsat. Tangu hapo, moja ikichoka nyingine hushika zamu, na mpaka leo hakuna muongo hata mmoja uliopita dunia isipigwe picha. Hebu fikirini: kuna picha za pwani yetu zilizopigwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, zimewekwa tu, zinangoja mtu azifungue.

Picha yenyewe si kama ya simu. Setilaiti hupima mwanga unaorudi kutoka ardhini, na hupima pia miale ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Jani lenye afya huirudisha kwa wingi ile miale isiyoonekana. Maji huimeza. Chumvi na mchanga mkavu hung'aa. Basi sisi huipa miale ile rangi ya kuonekana, mara nyingi nyekundu. Ukiitazama picha kama hiyo, mikandaa huwa nyekundu iliyoiva, maji huwa meusi, na uwanda wa chumvi huwa mweupe. Mtoto wa darasa la nne ukimwonyesha mara moja anaelewa.

Kila picha imefumwa kwa vitone. Kitone kimoja cha Landsat, tangu miaka ya themanini, ni mraba wa mita 30 kwa 30 ardhini. Hutaona mti mmoja, wala hutamwona mtu na shoka lake. Lakini akikata mfululizo, akafungua uwanja, utaona. Na hapo ndipo kazi inapoanza: unachukua picha ya zamani, unachukua ya leo, unauliza kila kitone, wewe ulikuwa nani na sasa umekuwa nani?

Waliyoyaona watu wa Iraq

Nguvu ya ushahidi huu ilionekana wazi kabisa kule Iraq. Kusini ya nchi hiyo, mito miwili, Dijla (ambao ramani nyingi huuita Tigris) na Furati, kabla ya kufika Ghuba ilikuwa ikitawanyika na kufanya vinamasi vikubwa mno. Katika miaka ya sabini vilikuwa karibu kilomita mraba 9,000. Kisiwa cha Unguja kingeingia humo mara tano na nafasi ikabaki. Ndani yake waliishi Waarabu wa vinamasini, watu wa mitumbwi, samaki na nyati wa majini, wakijenga nyumba zao kwa matete juu ya visiwa vya matete.

Mwaka 1991 watu wa kusini waliinuka dhidi ya serikali ya Saddam Hussein. Uasi ukazimwa, na baada ya hapo serikali ikashika kazi ya kujenga matuta ya udongo na kuchimba mifereji mikubwa, maji yapite kando yasiingie vinamasini. Huko juu nako, Uturuki na Syria zilikuwa zimejenga mabwawa makubwa ya kuzuia maji. Serikali ya Iraq ilisema mifereji ile ni ya kilimo na kuondoa chumvi ardhini. Wenyeji walisema wanakaushwa ili wahame. Yupi aaminiwe? Wageni hawakuweza kuingia kwa urahisi kwenda kuona.

Lakini setilaiti haiombi ruhusa ya kupita. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti iliyolinganisha picha za Landsat za miaka ya 1973 hadi 1976 na zile za mwaka 2000. Kinamasi cha kati kilikuwa karibu kilomita mraba 3,100. Katika picha za 2000 kilibaki chini ya 100. Pale palipokuwa na wekundu ulioiva, palikuwa na kijivu cha udongo na weupe wa chumvi. Watu wapatao 40,000 walikuwa wamekimbilia Iran, na wengine wametawanyika ndani ya nchi yao wenyewe.

Hapo hoja ya "tunalima tu" ikakosa pa kusimama. Sasa sikilizeni vizuri: picha haikuvunja tuta hata moja. Mwaka 2003, serikali ile ilipoanguka, waliovunja matuta ni watu wenyewe. Maji yakarudi, na setilaiti ikayashuhudia yakirudi. Agosti 2005 UNEP ilitangaza kwamba karibu asilimia 40 ya vinamasi imepata maji tena. Mwaka 2016 vikaandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hata hivyo safari haikuishia hapo, maana miaka ya ukame na mabwawa ya juu ya mito vimevirudisha tena katika dhiki, na kiangazi cha 2021 hadi 2023 kilikuwa kikali sana. Na hayo pia tunayajua kwa sababu shahidi yule bado yuko juu.

Kwa hivyo tukubaliane: picha ni shahidi. Lakini shahidi naye huhojiwa. Hapa ndipo naingia kwenye kisa changu.

Bahari ilivyoniumbua

Miaka michache iliyopita niliitwa na wazee wa kijiji kimoja kilicho kando ya hori, hapa hapa pwani. Sitakitaja, kwa sababu shauri bado halijaisha. Alikuja mtu na hati ya ploti inayoshuka mpaka majini, na malori yakaanza kumwaga kifusi. Wazee wakasema, "Hapa palikuwa na mikandaa, hapa watoto wetu hutega kaa." Yule bwana akasema pale tangu zamani ni uwanda mtupu wa tope na chumvi, hapakuwa na mti.

Mnaelewa kwa nini neno hilo lina uzito? Kwa sababu mikandaa yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Pakithibitika palikuwa na mikandaa, basi lazima iulizwe hati ilipatikana vipi. Pakithibitika ni uwanda mtupu, wazee wameshindwa.

Mimi na elimu yangu nikatafuta picha mbili. Moja ya miaka ya themanini, moja ya karibuni. Ya zamani ilionyesha maji meusi yameenea kila mahali kandokando ya miti. Ya karibuni ilionyesha uwanda mpana wa tope. Nikafurahi. Nikapiga hesabu, nikapaka rangi eneo "lililokauka", nikachapisha karatasi kubwa, nikaenda nayo kwenye baraza la chifu. Nikasema kwa sauti, kinamasi chenu kimekauka, tazameni!

Mpimaji aliyeletwa na upande wa pili akasimama, akaitazama karatasi, akauliza swali moja tu: "Siku hizo mbili, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa?"

Sikuwa na jibu. Watu wakacheka. Sitasahau wale wazee walivyoinamisha vichwa. Walinipa neno lao nikalisemee, na mimi nikalifanya lionekane la uongo.

Jioni ile mzee mmoja mvuvi akanikalisha barazani kwake. Hakunilaumu. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho chombo chako hupita saa ngapi?"

"Yapata saa nne asubuhi, Mzee. Kila kikipita ni saa hiyo hiyo."

"Na hiyo picha ya kwanza ilikuwa mwezi ngapi?"

"Mwezi wa pili, Mzee."

Akacheka. "Siulizi mwezi wa Kizungu. Nauliza mwezi wa juu. Mwezi ulikuwa wa ngapi?"

Jamani, mimi ni mtoto wa pwani. Nimelelewa najua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo pana bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, na kwamba katikati yake ni maji mafu. Najua kuwa siku za bamvua, saa nne ya asubuhi bahari imekupwa, kina mama wako mwambani wanachokoa pweza. Na siku za maji mafu, saa nne hiyo hiyo maji yamejaa. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Lakini nilipoketi mbele ya kompyuta niliyaacha nje pamoja na viatu.

Nikaenda nikatazama kalenda. Picha ya zamani ilikuwa mwezi 9, maji mafu: saa nne maji yako ndani. Picha ya karibuni ilikuwa mwezi 16, bamvua: saa nne maji yako nje kabisa. Ule "ukame" wangu ulikuwa ni bahari imetoka kama inavyotoka siku zote, na jioni yake ikarudi.

Nikaanza upya. Safari hii nilichukua picha nyingi, na nikazipanga kwa mwezi wa juu: bamvua kwa bamvua, maji mafu kwa maji mafu. Tena nikalinganisha kiangazi kwa kiangazi, nisije nikauona majani ya masika nikadhani ni msitu umeongezeka. (Na hapa hatuna haja ya kubishana mwezi ulionekana wapi na nani kautangaza. Bamvua husimama siku kadhaa, siku moja mbele au nyuma haiharibu hesabu.)

Matokeo? Hasara ilikuwa ndogo kuliko nilivyodai. Ilikuwa kama theluthi yake tu. Lakini ilikuwa ya kweli, na ilikuwa pale pale penye ploti. Katika kila picha ya zamani, maji yakiwa ndani au nje, mahali pale palikuwa na wekundu wa mikandaa. Katika picha mpya hapana. Na kingo zake zilikuwa zimenyooka, na pembe zake nne. Bahari ikila ufuo haikati pembe nne.

Tukarudi barazani. Jambo la kwanza nililolisema ni kwamba mara ya kwanza nilikosea, na nikaeleza nilikosea wapi. Ndipo nikatandaza picha mpya. Yule mpimaji akazitazama kwa muda, akauliza miezi, nikamtajia mmoja mmoja. Hakuuliza tena. Malori yamesimama mpaka leo, na shauri linaendelea. Mwisho wake Mola ndiye ajuaye. Lakini neno la wazee halikuchekwa tena.

Hesabu ya nchi yetu

Msidhani hiki ni kisa cha kijiji kimoja. Hapa Mombasa penyewe, katika hori ya Tudor, watafiti walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mikandaa ilipotea kati ya 1992 na 2009. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope likafunika mizizi, na mashoka ya watafuta kuni na boriti yakamaliza. Wangapi kati yetu tumepita daraja la Nyali kila siku na hatukuona? Hatukuona kwa sababu uharibifu huja kidogo kidogo, na jicho huzoea. Picha mbili zilizoachana miaka 17 haziachi jicho lizoee.

Kwa nchi nzima, utafiti uliotumia picha za Landsat ulikuta kwamba Kenya ilipoteza asilimia 18 ya mikandaa yake kati ya 1985 na 2010, zikabaki hekta 45,590. Mpango wa taifa wa kusimamia mikandaa uliotolewa 2017 unataja hekta 61,271, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Mtasema, mbona hesabu hazilingani, nani mwongo? Si lazima awepo mwongo. Mikandaa michache iliyotawanyika, huyu anaihesabu kuwa msitu, yule haihesabu. Picha ikiwa na kitone kikubwa, miti iliyo ukingoni mwa mfereji huhesabiwa na maji. Ndiyo maana nawaambia shahidi huhojiwa. Ukisikia hesabu, uliza: imepimwa vipi, lini, na nani alikwenda kwa miguu kuhakikisha?

Mnaweza kufanya nini?

Nakusudia muondoke na jambo mkononi. Ni manne.

La kwanza, fungueni hazina. Zamani picha moja ya Landsat ilinunuliwa kwa mamia ya dola. Tangu 2008 ni bure. Setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2, zilizoanza 2015, nazo ni bure, na kitone chake ni mita 10. Katika programu ya Google Earth kuna sehemu ya kurudisha miaka nyuma hadi 1984. Vijana hapa mna simu nzuri kuliko kompyuta niliyosomea mimi. Badala ya kupitisha usiku mzima kwenye video, tafuta hori ya kwenu uitazame ilivyokuwa.

La pili, kabla ya kulinganisha picha, ulizeni mwezi wa juu na msimu. Hakuna kitabu cha chuo kilichonifundisha hilo vizuri kuliko mzee yule.

La tatu, nendeni mahali penyewe. Chukueni picha iliyochapishwa, mkae na wavuvi, wakata boriti, kina mama wanaookota kaa. Waacheni wao waseme, hapa ni mchu, hapa ni mkoko, hapa palikatwa mwaka wa harusi ya fulani. Setilaiti inajua rangi, haijui jina. Haijui mti ulikatwa na nani wala kwa shida gani. Hayo yako vifuani mwa watu, na watu wale wanaondoka mmoja mmoja. Andikeni sasa.

La nne, semeni mlipokosea. Mtu anayetetea haki kwa hesabu iliyovimbishwa anampa mpinzani wake silaha. Mimi nilidai mara tatu ya kweli, na nusura nipoteze hata ile theluthi iliyokuwa haki. Ushahidi ni amana. Ukiongezwa chumvi huharibika kama usioletwa kabisa.

Na nyongeza ndogo: msingoje mgogoro. Picha ya kinamasi chenu itunzeni leo, kikiwa salama, na tarehe yake na mwezi wake. Siku malori ya kifusi yatakapokuja, na mtu akasema hapa hapakuwa na kitu, msianze kutafuta. Muwe nayo tayari kabatini.

Kwa yule ndugu aliyeniuliza setilaiti zinatuhusu nini: kesho usiku ukitoka tarawehe, tazama juu. Utauona mwezi, na pengine utaona nuru ndogo inapita kimya kimya. Wazee wetu waliusoma ule mwezi wakaijua bahari. Sisi tumeongezewa cha kusoma. Tukivisoma vyote viwili pamoja, hakuna atakayetuambia kwamba hapa hapakuwa na mikandaa.

Naona muadhini ameshaanza kutengeneza koo. Nawatakia futari njema na kheri ya mwezi huu.